Jozi Moja ya Soksi Imebaki

Kabla sijaanza, tujuane kwa gharama. Jambo ninalotaka kuwaeleza lilinigharimu birika moja la umeme, soksi nzito za mtumba jozi kumi na mbili, koti moja jeupe la kazi, na kiburi nilichokuwa nimekiweka akiba kwa miaka thelathini na moja. Birika halitarudi, hilo nimekubali. Kiburi nacho wacha kiende. Jozi kumi na moja za soksi zimevaliwa na wenyewe wakaenda nazo. Jozi ya kumi na mbili iko hapa mezani kwangu Riruta, haijaguswa, na ndiyo inayonifanya niandike.

Nawaandikia nyinyi mliobaki chumba namba tano mkipima neva za watu wa sukari. Siku ya kuniaga mlisema, "Mama Nekesa, andika kitu, tusije tukasahau." Basi naandika. Vyeo nitaviruka kwa sababu vilikuwa viwili, na cha pili kilikuja na ufunguo wa kabati tu. Mshahara nitauruka pia, mnaujua, ni ule ule wenu.

Siku ya kwanza nilifika nikiwa tayari kupima wagonjwa. Nikapimwa mimi. Chumba kilikuwa cha Mzee Barasa, mtu wa maneno machache na sweta moja. Alinitazama, akatazama viatu vyangu, akasema, "Vua."

"Nivue nini, Mzee?"

"Viatu, msichana. Mimi ni mzee wa kanisa."

Akanilaza kitandani, akanibandika vibandiko vya waya juu ya mguu, pale penye kimsuli kidogo mbele ya kifundo, upande wa nje. Kisha akachukua kile kifaa chenye meno mawili akanipiga stima. Mguu ukaruka wenyewe kama wa kuku. Nikapiga kelele. Akaongeza stima. Nikapiga kelele nyingine. Alipomaliza aliniambia, "Sasa unajua unauza nini. Kesho unaweza kumwambia mgonjwa kwamba haiumi sana, na utakuwa unasema ukweli. Karibu ukweli."

Kazi yenyewe mnaijua, lakini niiandike kwa ajili ya atakayeajiriwa kesho. Neva ziko za aina mbili kwa mambo yetu: za kuhisi, zinazoleta habari, na za mwendo, zinazopeleka amri kwa misuli. Ukimpima mtu neva za mwendo, unapiga stima karibu, kwenye kifundo, na unapiga mbali, chini ya goti. Ni kama kubisha mlangoni, halafu kurudi kubisha getini, na kila mara kungoja aliye ndani aulize "Nani?" Muda uliopotea kati ya geti na mlango unauona kwenye skrini. Umbali unaupima kwa tepu. Ukigawanya, umepata kasi ya amri. Msuli unaporuka unachora kilima kwenye skrini, na kilima nacho kina ushahidi wake. Kikiwa kirefu, nyuzi nyingi bado ziko kazini. Kikiwa kifupi, nyingi zimeacha kazi bila notisi.

Tepu ya Mzee ilikuwa ya fundi wa nguo, ya njano, imekatika mwisho. Alinifundisha kupima, kuandika, kusahau, kisha kupima tena kana kwamba sijawahi. "Ukikosea sentimita mbili hapa, umempa mtu ugonjwa, ama umemnyang'anya alio nao. Na yeye hana tepu ya kukupinga." Tangu siku hiyo nahesabu kila kitu mara mbili: chenji, ngazi, hata viazi kwenye ndoo pale Kawangware. Mama wa viazi alizoea. Akiniona huwaambia wenzake, "Huyu wacheni ahesabu, mkimkatiza anaanza tena."

Mambo mawili mengine ya Mzee yashikeni, kwa sababu hadithi yangu yote imesimama juu yake. La kwanza, alikuwa na chupa ya mpira ya maji moto, na mgonjwa wa asubuhi hakumgusa kabla ya kumpasha miguu. "Neva ni kama mtu wa Julai," alisema. "Baridi ikimshika anatembea polepole. Si mgonjwa. Ana baridi." La pili, hakumruhusu mgonjwa kuonja maji ya kukanda kwa mguu wake mwenyewe. Mguu wa mtu wa sukari huenda uliacha kuleta habari zamani. Ataungua huku anakuambia maji yako sawa. "Tumbukiza kiwiko chako," alisema. "Kiwiko chako hakina sukari. Bado."

Mzee alistaafu akaenda Bungoma kufuga kuku, na nasikia anawahesabu mara mbili. Mimi nikabaki na chumba.

Ningeweza kuwajazia daftari kwa visa. Kuna mzee mmoja wa Mountain View aliyeingia na sandali moja, amekasirika, anasema Nairobi wameanza kuiba viatu mguuni mwa mtu akitembea. Nikamuuliza, "Waliiiba wapi?" "Kama ningejua ningeiacha?" Tulimpima. Miguu yake ilikuwa haihisi chochote chini ya kifundo, na vile vimsuli vidogo vilikuwa vimenyauka kama ngozi ya tunda lililokaa dirishani. Sandali ilikuwa imemtoka, na mguu haukumwambia. Tangu hapo kila mgonjwa nilimuuliza swali ambalo halimo kwenye fomu: "Sandali zako hukukimbia?" Linachekesha, lakini linashika. Mtu atakuficha ganzi, atakuficha kidonda, lakini sandali iliyopotea ataisimulia mpaka umwombe anyamaze.

Ujuzi wa pili usio kwenye fomu ni kumwambia mtu atembee kwa visigino, vidole juu. Neva ya mwendo ikichoka, vidole havipandi. Watu hucheka wakifanya hivyo, wanafanana na bata. Watazameni vizuri. Mimi kuna siku nilitazama na nikakataa kuamini macho, na sasa nafika hapo.

Mwaka ule wa mwisho kabla ya kustaafu tulihamia jengo la sasa, katikati ya mji, ghorofa ya tatu, lifti ya mapambo. Chupa ya Mzee ilikuwa imepasuka zamani, na sikununua nyingine kwa sababu mashine mpya ilikuja na waya wa kupima joto la ngozi. Mambo ya kisasa. Waya ukafa Aprili. Nikaandika ombi la mwingine. Ombi likakaa mezani kwa mtu, na likiwa bado limekaa ikaingia baridi ya Juni. Nikaanza kupima joto la miguu ya watu kwa mkono wangu. Naomba mliandike kwa herufi kubwa mahali: nilipima baridi kwa mkono ambao nao ulikuwa na baridi. Kila mguu niliogusa uliniambia uko sawa, kwa sababu ulikuwa sawa na mkono wangu.

Wiki ya kwanza ya Julai akaja Bi Jerusha, fundi wa nguo kutoka Waithaka. Mwili mdogo, mdomo haupoi. Kabla sijamwonyesha kitanda alikuwa ameshika mfuko wa koti langu.

"Sista, hii koti alishona nani?"

"Sijui. Ilikuja hivi."

"Alikuwa na haraka ya wapi? Angalia, mfuko unaning'inia kama sikio ya mbuzi."

Nikampiga stima, na hata hapo hakunyamaza. "Uuui! Hii ni kama ile cherehani ya umeme ya jirani yangu. Ndiyo maana mimi niko na ya kukanyaga. Ya kukanyaga haishtui mtu." Nikapima, nikapima tena. Kasi ilikuwa ndogo, chini ya inavyotakiwa. Majibu rasmi hutolewa na daktari, mnajua. Lakini alinisoma usoni.

"Ni mbaya?"

"Daktari atakueleza."

"Daktari ataeleza kizungu. Wewe niambie na mdomo yako."

Nikamwambia. Nilisema neva zinazosukuma misuli ya mguu zinaonekana kulegea, na kwamba pengine aanze kufikiria cherehani ya umeme. Akatazama miguu yake. Halafu akacheka kidogo. "Stima ya wapi, sista? Hii yetu inayopotea kila wakati?" Akavaa viatu polepole, akaninyooshea mkono. "Leta hiyo koti. Nitashona huo mfuko."

"Pesa ngapi?"

"Sijasema pesa."

Mimi ni mtu wa kupatana bei. Mtu akikataa kutaja bei nachanganyikiwa. Nilijaribu kumlazimisha aseme hata hamsini ili nimshushe hadi thelathini. Akakataa. Akanielekeza kibanda chake ili nikaichukue baada ya wiki. Nikaandika maelekezo yote kwenye karatasi: kona ipi, mlango wa rangi gani, kando ya nani. Nikaikunja, nikaitia mfukoni kwa mazoea ya miaka. Nikavua koti, nikampa.

Mmeona nilichofanya. Mimi sikuona. Wiki ikapita, nikakumbuka kwamba karatasi niliiweka mahali salama, nisikumbuke ni wapi. Ya pili ikapita, nikaanza kuwaambia kwamba kuna fundi amehepa na koti langu. Mlicheka sana. Mmoja wenu alisema Mama Nekesa naye amepatikana.

Mwisho wa mwezi huo, saa mbili na nusu asubuhi, akaingia Zablon. Huyu ni dereva wa gari la mikate, mtu wa Vihiga, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Ana sukari kwa miaka tisa. Kampuni yake ilikuwa imemtuma apimwe miguu: kama neva za mwendo ni mbovu, mguu hauwezi kuaminiwa kwenye breki, anatolewa kwa gari. Barua ya majibu ilitakiwa ifike kwao kesho yake.

"Madam," aliniambia akilala, "mimi nimeendesha miaka ishirini. Wakinitoa kwa gari wataniweka stoo kubeba trei, na mgongo nayo haitaki trei. Kwa hivyo upime vizuri."

"Mimi hupima mara mbili."

"Basi pima tatu."

Nikamuuliza swali la sandali. Akasema hazijawahi kumkimbia, labda yeye ndiye huzikimbia. Nikamwambia atembee kwa visigino. Akatoka dirishani mpaka mlangoni, vidole juu kabisa, akageuka, akarudi, akaongeza hatua za ngoma. Mguu wenye nguvu kuliko wangu. Kisha nikampiga stima, nikapima. Thelathini na sita. Tunataka mita arobaini na kitu kwa sekunde. Nikapima tena: thelathini na sita. Upande wa pili: thelathini na saba. Kilima kwenye skrini kilikuwa kirefu, kimenona, kilima cha mtu mzima wa afya. Hapo ningesimama. Neva iliyoharibiwa na sukari kwa kawaida kilima chake hupungua; neva ya baridi huchelewa, lakini kilima hubaki kirefu, hata hurefuka. Mzee Barasa aliniambia hivyo mara mia. Lakini mimi nilikuwa na tepu mkononi, na nilikuwa nimehesabu mara mbili, na mtu aliyehesabu mara mbili hasikii la mtu.

Zablon alivaa viatu bila kuniuliza. Alipofika mlangoni alisema, "Uso wako umeshasema, Madam. Asante." Nikaandika ripoti, nikaipeleka kwa Daktari Mumo, daktari wetu wa neva, aisaini baada ya chai.

Saa nne nikashuka ngazi arobaini na nane kutafuta maandazi. Pale chini kuna Kerubo, mnamjua, anayeuza peremende na karatasi za choo kando ya bomba. Nikamkuta Zablon yuko naye wanabishana.

"Nimesema ziko hapa!" Zablon anasema. "Soksi za kijivu, niliweka juu ya bomba."

"Mzee, mimi nauza peremende, sichungi soksi."

"Lakini si wewe uliniosha? Ishirini bob umechukua!"

Nikasimama. "Alikuosha nini?"

"Miguu," Zablon akasema, akinitazama kama mimi ndiye sielewi mambo. "Madam, natoka kwa matope. Utaenda kwa daktari na miguu ya matope? Mama alitufunza."

Kerubo akanionyesha biashara yake kwa fahari. Beseni, kipande cha sabuni, mkebe wa mafuta ya kujipaka. Julai, mvua ya rasharasha, wagonjwa wetu wanatoka Waithaka, Kangemi, wanashuka na tope mpaka kwenye kifundo. Yeye anawaosha kwa ishirini, anawapaka mafuta wang'ae, wanapanda kwangu wakiwa watu wa heshima. Kila asubuhi. Tangu tuhamie.

"Wote?" nikauliza.

"Wenye miguu safi siwalazimishi."

Nikakunja mkono wa sweta, nikatumbukiza kiwiko kwenye beseni. Baridi ilipanda mpaka kwenye jino. Nikakaa hapo nimeinama, kiwiko ndani ya maji, na ghafla nikakumbuka kile kilima kirefu kwenye skrini. Nikakumbuka pia jinsi nilivyokuwa nikilalamika miezi miwili kwamba vibandiko havishiki, nikalaumu kiwanda. Kumbe ni mafuta ya Kerubo.

"Zablon," nikasema, "panda juu."

"Tena? Na hii ya pili nalipa?"

"Ya pili ni yangu. Panda."

Tulipopita mapokezi nikaomba birika. Hakukuwa na birika, la ofisi lilikuwa limeungua mwaka uliotangulia. Nikakimbia duka la kona, nikanunua moja kwa bei ambayo siku nyingine ningeipigania nusu saa. Sikupatana hata shilingi. Mwenye duka alishtuka, akaniuliza kama niko sawa.

Nikachanganya maji, nikatia kiwiko, yakawa ya uvuguvugu wa kuogesha mtoto, nikamwekea Zablon miguu ndani kwa karibu nusu saa. Nikaikausha, nikaivika soksi zangu za sufu, zikamfika nusu ya kisigino. Akajitazama. "Watu wa nyumbani wasinione." Nikasubiri. Nikavua, nikabandika, nikapiga.

Arobaini na tano. Nikapima tena. Arobaini na tano. Upande wa pili, arobaini na nne.

"Nini?" akasema. "Mbona unalia? Ni mbaya zaidi?"

"Ni nzuri, bwana. Wewe ulikuwa na baridi."

"Baridi? Nilikuwa nimepoteza kazi kwa sababu ya baridi?" Akafikiria kidogo. "Halafu soksi zangu bado sijapata."

Neva zake za kuhisi zilikuwa zimeanza kuchoka kidogo kwenye vidole, hilo nilimwandikia wazi, na nikamfundisha kukagua miguu kila jioni na kutikisa viatu kabla ya kuvaa. Lakini neva za mwendo zilikuwa nzima, na mguu wake ulikuwa wa kushika breki. Nikaingia kwa Daktari Mumo. Kalamu ilikuwa mkononi. Nikamwambia asisaini, nikamweleza kwa nini, bila kujipunguzia bei. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachana ile ripoti vipande vinne.

"Mama Nekesa, wewe si hupima mara mbili?"

"Mara mbili, daktari. Yote kwenye baridi."

Hakunifokea. Aliuliza swali moja tu, na lilikuwa baya kuliko kufokewa: "Na wale wa kabla yake?"

Siku tatu nilikaa na rekodi za tangu Juni, nikitafuta kasi ndogo yenye kilima kirefu. Hesabu ya kwanza nilipata kumi na mmoja. Ya pili, kumi na wawili. Ya tatu, kumi na wawili tena. Kumi na wawili, Zablon akiwa mmoja wao, walioambiwa miguu yao inaanza kuwaacha na mtu aliyewapima kama samaki wa barafu. Jumamosi nikaenda soko la Kangemi nikanunua soksi nzito jozi kumi na mbili. Pale nilipatana, msidhani nilikuwa nimechanganyikiwa kabisa.

Nikashuka pia kwa Kerubo kupatana naye, na huyu ni mgumu kuliko soko zima.

"Kuanzia leo wagonjwa wa ghorofa ya tatu unawaosha na maji ya uvuguvugu."

"Maji moto ni stima, na stima si ya bure. Thelathini."

"Ishirini. Nakupa birika langu."

"Birika ni yako, moto ni wa nani? Thelathini."

"Ishirini na tano, na hakuna mafuta."

"Bila mafuta watasema nimewaibia."

"Waambie wapakwe wakishuka. Utalipwa mara mbili."

Aliliona hilo haraka kuliko mimi. "Ishirini na tano," akasema, "na ununue peremende." Nikanunua peremende. Kiwiko kinachoonja maji ni chake, nilimkagulia sukari mimi mwenyewe, hana. Waya wa joto ulifika Septemba, lakini msimfukuze Kerubo kazini kwa sababu ya waya. Waya hufa.

Zablon nilikuwa nimeshampima upya; wengine nikawapigia mmoja mmoja, na kila niliyempata nilimwambia kosa ni langu, arudi, halipi kitu. Mmoja alinitukana kwa Kikamba dakika nzima, nikamwacha amalize, akaja. Tisa, pamoja na Zablon, wakipashwa joto, neva zao za mwendo zilikuwa salama. Wawili zilikuwa mbovu kweli, wakaendelea na matibabu wakijua ukweli. Hao ni kumi na mmoja, na kila mmoja aliondoka na soksi.

Wa kumi na mbili ni Jerusha.

Nambari yake ya simu kwenye faili ilikuwa na tarakimu tisa badala ya kumi. Mwandiko ni wangu. Nilizihesabu mara mbili, kwa vidole, kama mtoto wa nasari, na zilikuwa tisa. Hapo ndipo nilipoamua kutafuta ile karatasi ya maelekezo, nikarudia hatua zangu zote za siku ile, nikafika pale ninapoikunja na kuitia mfukoni. Nikaketi chini. Karatasi ilikuwa kwenye mfuko wa koti, na koti lilikuwa kwake. Fundi niliyemsema kwenu kwa wiki tatu hakuwa amehepa. Nilimpa koti langu, njia ya kumpata, na habari mbaya ya uongo, vyote kwa mkupuo, na yeye hakunitoza hata hamsini.

Nilienda Waithaka mara nne. Nilihesabu vibanda vya mafundi kutoka stendi mpaka sokoni, kushoto na kulia, thelathini na kitu, na nusu ya mafundi wanaitwa Mama Fulani. Sikumpata. Nikastaafu, mkanipa keki, mkanipa saa ya ukutani. Nikaenda nyumbani na soksi.

Anayepita huko kila siku ni Zablon. Bado yuko kwa gari. Anasambaza mikate Naivasha Road yote, Riruta, Waithaka, kibanda kwa kibanda, na tangu nimweleze habari hii amekuwa akiuliza kwa kila duka anaposhusha trei. Jumamosi iliyopita alisimamisha gari mlangoni kwangu, akashuka na mkate.

"Mama, sasa?"

"Salama, Zablon. Miguu?"

"Iko. Skiza. Nimeona koti."

Nilimwambia aketi. Akakataa, gari lilikuwa limejaa. Alisema kuna kibanda nyuma ya kiosk mpya aliyopewa kupelekea mikate wiki hiyo, na ndani limetundikwa koti jeupe, limefunikwa nailoni lisishike vumbi, mfuko umeshonwa mara mbili. Akamuuliza mwenyewe ni la nani.

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Ni ya sista mmoja wa taoni. Nilimwambia akuje achukue, hajawahi kuja. Watu wa taoni ni hivyo, kazi ya mtu hawaheshimu.'"

Nilicheka mpaka nikashika mlango. Zablon hakucheka sana.

"Cherehani iko?" nikamuuliza.

"Iko. Ile ya kukanyaga. Imefunikwa na leso, juu ameweka sufuria. Yeye anakata tu vitambaa, anapelekea wengine washone. Anasema daktari alimwambia mguu hauna maisha." Akatazama viatu vyake. "Sikumwambia kitu, Mama. Nikasema hii si mkate, hii ni ya mwenyewe kupeleka."

Kwa hivyo sasa mnajua kwa nini nimewaandikia. Kwanza naomba nafasi moja chumba namba tano, asubuhi yoyote, maji yakiwa ya uvuguvugu na mmoja wenu mwenye mkono wa moto akiwa zamu. Sijui neva za Jerusha zitasema nini. Huenda ni nzima, na ameacha kukanyaga karibu miaka miwili kwa sababu ya beseni. Huenda mbovu kweli. Vyovyote, namdai koti moja na yeye ananidai kipimo, na kwa hesabu yangu, niliyoirudia mara mbili, mimi ndiye mwenye deni.

Pili, nataka ushauri, na nautaka upesi, kwa sababu Zablon anapita huko tena Jumamosi na amesema ataniteremsha mlangoni. Miaka yote nimejua namna ya kufungua bei na muuzaji yeyote wa mji huu. Kwa huyu sijui. Niambieni: nikifika, nimwanze na koti, anitukane kwanza kwa kuchelewa, moyo wake utulie? Au nimwanze na soksi?